Ile Picha ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi
Tumempeleka mjukuu kwa daktari. Miezi kumi na moja, bado hajakaa. Ukimkalisha anaanguka pole pole, huku anacheka! Daktari ni binti mdogo, ana utepe wa kupimia kama fundi cherehani. Kapima kichwa, kapima macho yalivyoachana, kakagua masikio. Eti mtoto anachelewa kukua, na sura yake si ya kawaida. Si ya kawaida! Nikamwambia hiyo ni sura ya ukoo wetu, mtazame baba yake. Akamtazama. Akamtazama weee, halafu akamwomba mwanangu avue kofia.

Mwanangu naye kapimwa. Mtu mzima na ndevu zake, katulia kama anasubiri chanjo.

Kisha daktari akanigeukia mimi. Huyu baba alitembea lini?

Miezi tisa, nikasema. Bila hata kupepesa macho.

Jumatano, 6 Machi
Mkwe wangu analia jikoni, anajilaumu kwa vidonge alivyomeza akiwa mjamzito. Daktari kasema kama baba naye alichelewa, huenda ni jambo la kurithi, watajua waanzie wapi. La sivyo ni kubahatisha, kipimo juu ya kipimo.

Nami nimemwimbia huyu mkwe ile “miezi tisa” ya mumewe tangu siku ya harusi!

Ukweli: mwanangu alitembea akikaribia miaka mitatu. Haya, nimeandika. Mama mkwe wangu mimi alikuwa na mdomo, jamani. Ningefanyaje?

Ijumaa, 8 Machi
Daktari anataka picha za baba utotoni. Ile ya sebuleni nimeificha chini ya kitanda, nimeizungushia shuka. Mwanangu kaikuta. Kanishukuru kwa kuifungasha vizuri!!

Jumanne, 12 Machi
Naandika nikiwa humu humu kwa daktari. Najifanya naorodhesha vya sokoni.

Picha iko mezani. Mwanangu siku alipotimiza mwaka, kasimama wima kando ya pazia la studio, pembeni kabisa. Wageni wote husema mpiga picha hakujua kazi. Daktari kaanza kupima macho pichani, kioo cha fremu kikammulika. Tuitoe kwenye fremu, akasema. Nikasema itachanika. Mwanangu na kimbelembele chake — ana bisibisi kwenye funguo!

Fremu pana, niliichagua mwenyewe. Sasa ukingo wa picha uliokuwa umefunikwa uko wazi. Mkono umechomoza nyuma ya pazia, umeshika kaptula ya mtoto kwa nyuma.

“Mama, huu mkono wa nani?” daktari kauliza.

Mkwe kaisogeza picha dirishani. Mkono una pete, jiwe la kijani. Nimejaribu kuivua kwa kidole gumba, haitoki, vidole vimenenepa. Daktari kafungua faili, anasubiri. Aibu imenishika mpaka masikioni.

Mkwe haangalii tena picha. Anaangalia mkono wangu wa kushoto. Mjukuu yuko kwenye kiti pembeni yangu, nimemshika kaptula kwa nyuma, asianguke.