Mkwe Hajala

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Baba Faith ameshaamua. Jumatatu ni sikukuu, tunateremka Kamsamba na magari matatu, ukoo mzima, tukaone daraja na Mto Momba. Anasema hataki kufa hajaona kitu zaidi ya Itaka na Vwawa. Haya!

Faith kaja na mumewe kutoka Tunduma. Kanivutia jikoni, akaanza kulia. Edson ana kisukari. Anajichoma sindano tumboni kila alfajiri, na akishachoma lazima ale kwa wakati. Asipokula sukari inashuka, anaweza kuzimia. Hataki wakwe wajue, baba hasa — atasema tumemwoza binti kwa mgonjwa. Nimeahidi kunyamaza. Bora nisingeambiwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza sahani.

Edson bado hatujamwingiza. Karamu ya kumwingiza mkwe ni Desemba, na mpaka siku hiyo hali mbele yangu, hanywi hata maji, hatusemeshani. Nikipita anageukia ukuta, nami najifunika khanga. Mwaka wa pili huu, uso wake sijawahi kuuona vizuri. Nyumbani ni rahisi, chakula chake kinapelekwa chumba cha nje. Njiani je?

Nimemwuliza wifi Ferista, dada wa mume wangu. Mila za ukoo huu zote anazo yeye. Kasema mkwe atatengewa sahani nyuma ya gari, nisijitie kimbelembele.

Sawa. Nisijitie.

Jumatatu, 14 Oktoba, saa nne na nusu

Gari la tatu limekata mkanda wa injini hata Itaka hatujaiacha vizuri! Watu wakagawanywa haraka haraka. Faith kaingizwa gari la mbele pamoja na vyakula. Mimi na wifi tukatupwa kwenye Noah ya Edson, kiti cha nyuma kabisa, kati yetu na Edson anayeendesha ni masufuria na madumu ya maji. Nilikataa. Baba Faith akapiga honi. Nikapanda, khanga mpaka puani.

Lakini bonde! Tumesimama juu ya mteremko, kila mtu katoka na simu. Kule chini nchi imekauka mpaka imekuwa nyeupe, miti haina jani, ng'ombe wanaonekana kama punje za ulezi zilizomwagika. Baba Faith anacheka, anataka picha na mimi, kanishika kiuno mbele za watu! Mzee huyu. Ndipo tukafungua kinywa: chai, mihogo, mayai ya kuchemsha; soda yangu nimeiweka mkobani. Ingekuwa siku nzuri kabisa.

Edson kasimama peke yake upande wa pili wa gari, katupa mgongo kama inavyotakiwa. Sahani sikuiona ikienda. Nikamwambia wifi. Kasema Faith ameshapeleka.

Saa sita kasoro

Faith hakupeleka! Meseji yake imeingia sasa hivi: anauliza kama shangazi alimpa Edson chai. Nimejibu, haiendi. Mtandao umekata. Gari la mbele limetimka, hata vumbi lake silioni. Na pipi za Edson za kupandisha sukari ziko kwenye mkoba wa Faith.

Huyu kadhani yule kapeleka, yule kadhani huyu. Na mwenyewe hawezi kuomba. Mkwe aombe chakula ukweni!

Anafuta shingo. Anafuta tena. Kona iliyopita tairi limegusa changarawe za pembeni. Nimemnong'oneza wifi amwambie asimame. Kasema kijana anasikia joto tu, wa Tunduma hajazoea bondeni. Na akisimama ale nini, mbele yako? Desemba si mbali.

Desemba!

Naogopa. Siri ya mwanangu niitoe au nikae nayo? Herufi zinaruka kwa mashimo ya barabara.

Saa saba kasoro robo

Nimeitoa. Gari lilianza kwenda taratibu, taratibu zaidi, kisha likaingia vichakani na kuzima. Miiba mpaka dirishani. Wifi akapiga yowe. Nikapanda juu ya masufuria — na goti langu hili! — nikafika mbele. Jasho la baridi. Anaongea, haeleweki. Nikamwambia wifi ana kisukari, kachoma sindano, hajala tangu jana.

 Wifi kasema nimpe hiyo soda yangu, yeye ndiye amnyweshe, mimi nisimguse. Akajaribu kupita. Akakwama kwenye masufuria.

Nikamshika kichwa mkwe wangu. Funda la kwanza likamwagikia shati. La pili kameza. Kisha akaniona ni mimi, akafumba mdomo — hata katika hali ile!

"Edson, kunywa. Mama yako nimekuingiza leo, hapa hapa."

Hakufungua. Wifi huko nyuma analia. Mara — sikuamini — akapiga vigelegele. Peke yake, porini, sauti inakatika kwa kilio, kama shangazi anavyotakiwa siku ya kuingizwa. Vitatu. Edson akafungua mdomo. Kanywa yote.

Sasa nadhani kapata nafuu. Nadhani tu. Soda imekwisha, gari la mbele halijarudi, hakuna anayepita. Kukaa tu kunanimaliza, ndiyo maana naandika. Amesema, macho yakiwa nje, kwamba yuko sawa, tuwafuate wenzetu. Kashika usukani. Vidole bado vinacheza.

Nimechomoa ufunguo. Nimeukalia.

Anautafuta kwa mkono. Ameona nilikouweka. Amegeukia dirishani. Mkwe gani atamwambia mama mkwe ainuke?