Funguo Yangu ya Geti

Kawangware, Alhamisi, Julai 1996

Ati ni hasira za mimba. Ndivyo mume wangu Owino anasema, kwa sababu leo nimegombana na Mama Njoroge, mwenye ploti tunayopanga, na anaogopa tutafukuzwa.

Wacha tufukuzwe.

Leo kiliniki, sista anayetufundisha mambo ya kujifungua hakuanza na kupumua wala kusukuma. Alituuliza, "Uchungu ukianza usiku, nani atakufungulia geti?" Wengine walicheka. Mimi nilishindwa kuinua kichwa.

Mimba ya kwanza nilikuwa nimepanga kila kitu, beseni, pamba, hata nguo za mtoto. Geti sikufikiria. Mama Njoroge huifunga na kufuli saa nne usiku na kulala na funguo. Usiku ule Owino alimgongea mlango mpaka mkono ukavimba. Nilizaa hapo chini, nimeshikilia vyuma vya geti. Mtoto hakulia.

Kwa hivyo nikitoka kiliniki nilienda kwa Mama Njoroge moja kwa moja, nikamwambia nataka funguo yangu.

"Na wezi wakiingia?"

"Mama, wezi huingia wakitaka. Mimi nataka kutoka."

Akakataa. Nikakaa chini mlangoni pake, na hili tumbo, mpaka akachoka kuniruka akienda kuteka maji. Jioni alinitupia funguo.

Naogopa, sitajidanganya. Mwezi ujao ndio wangu wa kujifungua.

Lakini kabla giza liingie nilienda getini nikaijaribu. Kufuli ikafunguka mara moja.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.