Wa Siku na wa Tarehe

Baba watoto,

Nimerudi dukani. Ndiyo, tena. Chai iko kwenye chupa, watoto wakiamka waoge.

Asubuhi hii mteja kanipigia: "Fundi, mbona mmefunga? Tumekuja kwenye siku ya burudani ya familia." Nikamwambia ilikuwa jana. Akanisomea tangazo letu: "Jumamosi, tarehe 14." Kumbe tarehe 14 ni leo, Jumapili! Uliitazama kwenye kalenda ya jikoni, ile ya mwaka jana usiyotaka kuitupa kwa ajili ya picha ya farasi. Waliofuata siku walikuja jana; waliofuata tarehe wamejaa mlangoni sasa hivi na watoto wao. Nitawafukuzaje, na sisi ndio tuliowaita waje waone tunavyoshona?

Yaliyopita si ndwele, wanasema. Mwaka uliopita ndio ndwele yetu.

Niko hoi bin taabani. Niletee spika, magunia ya mbio na maputo yaliyobaki.

~~Kalenda nimeichoma.~~ Kalenda nimeitupa, ila farasi nimemkata kwa mkasi, yuko chini ya sahani yako.

Jana ulikuwa mchekeshaji wetu, ukalala na rangi usoni. Nilitaka kukugombeza. Sasa nakuomba: usinawe. Njoo hivyo hivyo.

Mama watoto