Yaliyobaki Mwishoni mwa Mkanda

Mpendwa Mama Skola,

Nakuandikia kwenye meza ya sebuleni, ile yenye mguu mmoja mfupi. Kipande cha ubao ulichokuwa ukikiweka chini ya mguu huo kimepotea tangu siku za msiba, watu walipokuwa wakihamisha vyombo. Nimekunja karatasi nikaweka mahali pake, lakini kila nikifika mwisho wa mstari meza inainama.

Nina jambo la kukueleza. Ungekuwepo ungevuta kigoda chako, ukaketi na kusema, "Haya, Mwalimu, kengele imegonga." Basi imegonga. Nivumilie, maana safari hii naeleza kosa langu mwenyewe.

Unawakumbuka wale wasichana wawili wa sekondari waliokuja na kamera mwezi wa sita? Zuhura, yule mwembamba mwenye ushungi mweupe, mtoto wa wakulima wa korosho wa Namasakata, ndiye aliyeuliza maswali. Mwenzake Tasiana, wa hapa hapa mjini, alibeba kamera begani kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi. Shule yao ilikuwa imeletewa kamera hiyo na shule rafiki ya ng'ambo, na klabu yao ya habari ikapewa kazi ya kumhoji mzee mmoja, aeleze maisha yalivyokuwa kabla ya ruksa ya biashara na yalivyo sasa katika soko huria. Walimu wao wakanitaja mimi. Nilijiandaa siku tatu, nikaandika kurasa nne. Ulizitazama ukauliza, "Zote hizo watasikiliza?" Nikakujibu kwamba huo ni muhtasari tu.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Songea ya mwezi wa sita, ile ya kuona pumzi yako mwenyewe. Ulinichemshia maji, ukanipigia pasi shati jeupe. Wasichana waliwahi. Mimi nilikuwa bado bafuni uani, povu kidevuni, nikapaza sauti, "Wakaribishe, nakuja sasa hivi." "Sasa hivi" yangu unaijua. Nilinyoa ndevu mara mbili, kisha nikasimama pale huku maji yakipoa, nikikariri sentensi yangu ya kwanza.

Nikamsikia Zuhura akisema, "Mama, hebu kaa wewe kwanza kwenye kiti, tujaribu sauti na mwanga."

"Mimi? Mimi sina maneno, wanangu. Mwenye maneno yuko anaoga."

Wakacheka. Baadaye nikakusikia ukizungumza, tena kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na wao wakicheka na kuuliza. Maneno sikuyapata. Nakumbuka niliwaza, mbona leo anaongea hivi? Halafu nikarudi kwenye sentensi yangu ya kwanza.

Nilipoingia mlinyamaza wote watatu. Ukainuka, ukafuta kiti kwa pindo la kanga, ukasema, "Kaa, Mwalimu. Kiti nimeshakupashia joto."

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Tasiana aliniuliza, "Mwalimu, tumeshamrekodi mama kidogo katika kujaribu. Tuendelee hapa tulipofikia, au turudishe mkanda mwanzo? Tunao huu mmoja tu."

Nikajibu bila hata kuketi, "Rudisheni. Msipoteze mkanda."

Unajua jibu hilo lilitoka wapi. Nimefundisha miaka ambayo kipande cha chaki kilikatwa mara tatu, na daftari lilipojaa tulilifuta kwa ufutio tukaliandika upya. Mtu aliyepitia hayo, akiona kitu kimeandikwa kwa majaribio, hukifuta. Lakini sikukuuliza ulikuwa ukisema nini. Hata wao sikuwauliza.

Nikaanza. Nikaeleza maana ya soko huria, nikaeleza ruzuku ya mbolea ilivyokuwa na ilivyoondoka, foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, na jinsi maduka yalivyojaa sasa ilhali mifuko haina kitu. Katikati Zuhura aligeuka mlangoni uliposimama, akauliza, "Na mama alifanyaje sabuni ilipokosekana?" Nikamjibu mimi. Nikamweleza jinsi majani ya mpapai yanavyopondwa mpaka yatoe povu. Mimi, ambaye sikuwahi kufua hata soksi kwa majani ya mpapai.

Nilikuwa ukurasa wa tatu Tasiana aliposhusha kamera. "Samahani, Mwalimu. Betri imekwisha."

Walipoondoka ukaniuliza, "Umewaambia yote?"

"Bado ukurasa mmoja."

"Basi nisomee mimi huo uliobaki," ukasema. Nikausoma, na baada yake nikasoma gazeti, kama jioni zote.

Nataka niseme kidogo juu ya gazeti. Tangu nistaafu wewe ndiye uliyekuwa ukipita stendi mchana kulichukua linaposhushwa kwenye basi la Dar es Salaam, likiwa limechelewa siku moja. Mimi nikilala kidogo baada ya ugali, na nikiamka nililikuta mezani. Saa kumi na moja, chai ikiwa tayari, ulivuta kigoda, nami nikasoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilianza kukusomea kule Lusewa nilikofundisha, tulipokuwa wapya katika ndoa, kabla hujaingia kisomo cha watu wazima. Ulipohitimu nikaendelea. Nilidhani ulichopata pale kilitosha barua za ndugu na kitabu cha nyimbo za kanisani, basi.

Na kulikuwa na mambo mawili niliyoyaona nisiyaelewe. La kwanza, gazeti lilinifikia likiwa limelegea mikunjo, mara nyingine lina harufu ya moshi. Mara mbili nilimwendea muuza magazeti nikamkaripia kwamba anawaazima watu wasome kwanza, kisha ananiuzia mimi makombo. Akaapa kwa Mungu kwamba si yeye. Mara ya pili ulikuwa pembeni yangu na kikapu, ukichagua nyanya kwa makini sana. La pili, uliweza kuuliza jambo kabla sijalifikia. "Na yule waziri, mambo ya mbolea aliyajibuje?" Nikifungua ukurasa wa pili, waziri huyo hapo, na mbolea yake. Nilimwambia Skola kwamba mama yake angesoma zaidi angekuwa hakimu, maana ana kipaji cha kubashiri.

Ukaondoka mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza. Siku tano za homa, na mahindi uliyoyapanda hata hayajafika magotini. Skola alikaa nami wiki tatu, akarudi Madaba kwa watoto wake. Anataka niende huko. Nimemwambia bado.

Shule ilipofunguliwa Januari, mwalimu wao mmoja alikuja kutoa pole akaniletea mkanda. Kazi ya wanafunzi ilikuwa imeshasahihishwa, akaona mkanda huo ukae kwangu. Sina deki wala televisheni, kwa hiyo niliupeleka kwa Kasto, yule niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa ana banda la video karibu na soko. Tuliketi wawili kwenye mabenchi matupu. "Mwalimu, saa nane naanza karate," akaniambia, "lakini mpaka hapo banda ni lako."

Nilikwenda kukutafuta wewe. Nilijikuta namtazama mzee mwenye shati jeupe anayeongea. Anaongea vizuri, sikatai, ila hasimami. Wewe umo mara mbili tu. Mara moja mkono wako unaweka glasi ya maji. Mara nyingine, kwenye swali la sabuni, unaonekana nyuma mlangoni, mdomo umeshaufungua ujibu. Kisha mzee anajibu, na mdomo unafungwa taratibu. Unatabasamu, unaondoka.

Nikafika pale betri ilipokwisha. Zikaja chenga, kioo kizima vidoa vyeupe. Kasto akainuka azime, na ghafla ukatokea wewe, umekaa kwenye kiti kile kile, kanga begani.

Hapa inabidi nieleze mkanda unavyofanya kazi, najua utanisamehe. Ukirudisha mkanda mwanzo na kurekodi upya, maneno mapya yanafuta ya zamani hatua kwa hatua, kadiri yanavyokwenda. Mapya yakiishia kabla ya pale ya zamani yalipoishia, kipande cha mwisho cha yale ya zamani kinabaki. Ulikuwa umeongea kwa muda mrefu kunizidi, Mama Skola. Mimi nilikufuta neno kwa neno kwa maelezo yangu, na kilichoniokoa ni betri, ambayo wewe ndiye uliyeanza kuitumia. Ningepewa ukurasa wa nne, usingebaki kabisa.

Kilichobaki ni hiki.

"...na hilo hajui mpaka leo," unasema.

Sauti ya Zuhura: "Miaka yote hiyo, mama?"

"Yote."

"Sasa kwa nini usimwambie?"

Unatazama upande wa uani. Unacheka kidogo, kicheko kile chako cha puani. "Nikimwambia ataacha." Halafu unageuza shingo. "Huyo. Mlango wa bafu umelia. Zimeni hicho kitu chenu." Unainuka, unafuta kiti. Chenga.

Nilimwomba Kasto arudishe mara nne. Mara ya tano akarudisha mwenyewe bila kuombwa, akatoka nje akaniacha.

Nitaacha nini? Neno hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Ugoro nilishauacha. Pombe hujapata kuniona nayo. Nikahesabu mambo ambayo mume anaweza kuacha akiambiwa siri, na mengine sikupenda hata kuyamaliza kuyawaza. Nililifungua sanduku lako, ambalo sikuwahi kuligusa ukiwa hai. Nilikuta kanga mbili mpya, rozari ya mama yako, picha ya Skola ya ubatizo na cheti chako cha kisomo. Nikakipita cheti nikatafuta siri.

Tasiana nilikutana naye sokoni. "Shikamoo, Mwalimu," akaniambia, akainamisha uso. Nilipomuuliza, akasema alikuwa anahangaika na kamera, anakumbuka tu kwamba walicheka. Zuhura alikuwa amemaliza kidato cha nne na kurudi kwao. Nikamwandikia huko Namasakata, Tunduru. Barua ndefu, unaweza kukisia. Barabara ya Tunduru ilikuwa imeshakatika kwa mvua, nikasubiri Januari ikaisha, na Februari nayo. Kila jioni nilisoma gazeti kwa sauti, kwa sababu sijui kulisoma kwa namna nyingine, na kila nikifika ukurasa wa pili nilisimama kidogo, kisha nikaendelea.

Majibu yamefika wiki hii. Nakunakilia sehemu yenyewe:

"Shikamoo, Mwalimu. Poleni sana kwa msiba, sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Uliyoniuliza nayakumbuka vizuri, maana tulicheka mpaka Tasiana akatikisa kamera. Mama alisema kila siku akilichukua gazeti, analisoma lote jikoni wewe ukiwa umelala, mpaka matangazo ya vifo, halafu analikunja na kukuwekea mezani. Alisema kuyasoma magazeti yako kwa siri alianza tangu alipomaliza kisomo. Tukamuuliza mbona basi jioni anakubali kusomewa kitu anachokijua. Akasema, 'Darasa lake limebaki na mwanafunzi mmoja. Na mimi nikihitimu, atamfundisha nani?' Mwalimu, nisamehe kama nimekosea kukuandikia hivi. Nimeona si haki nikae nayo peke yangu."

Niliisoma nimesimama pale pale posta. Kisha nikaenda stendi kumwomba radhi muuza magazeti. Alinitazama akadhani nina homa. Nilimweleza habari yote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo makombo yalikuwa ya nyumbani, mzee wangu." Nikamwambia ndiyo.

Sijui kama nakushukuru au nakulalamikia, Mama Skola. Miaka yote ile nilikuwa nakufundisha yale uliyoyajua tangu mchana. Nilipokosea kusoma jina la mtu ulinyamaza. Niliporuka habari ndefu, uliniuliza habari hiyo hiyo mpaka nikairudia. Nani alikuwa mwalimu pale? Na yale mengine uliyowaambia wasichana kabla ya hilo, marefu, yaliyochukua muda wa mtu kunyoa ndevu mara mbili, hayo hakuna anayeyakumbuka. Zuhura kaandika kwamba ulisimulia mengi na yote yalikuwa matamu. Ndivyo alivyoandika, mengi na yote matamu, na hayo ndiyo niliyosema yafutwe.

Nimekitoa cheti chako sandukuni. Kimetundikwa ukutani, karibu na changu cha ualimu. Mkanda nimemwambia Kasto avunje kile kijino cha pembeni, ambacho kikiondolewa hakuna mtu anayeweza tena kurekodi juu yake.

Kuhusu gazeti, sasa nalichukua mwenyewe. Linafika mezani likiwa gumu, mikunjo mikali kama ya shati lililopigwa pasi, halina moshi hata kidogo. Leo sikulala mchana. Nililipeleka jikoni nikaliweka juu ya kigoda chako, kwenye mwanga wa dirisha, nikakaa sebuleni mpaka saa kumi na moja. Nikachemsha chai. Nikaenda kulichukua, mikunjo ilikuwa vile vile. Nikalisoma kwa sauti. Kwenye ukurasa wa pili kuna habari ndefu ya bei ya mahindi. Sijaisoma. Nimelikunja nikaliacha hapo, nasubiri uniulize.

Kaa salama huko uliko, na uniwekee kigoda.

Ni mimi mumeo,
Baba Skola