Disketi ya Bluu na Vipande Kumi

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa masjala kanibwagia sanduku la disketi za ile nyumba ya kulelea watoto iliyofungwa. Anataka yaliyomo yahamie kwenye kompyuta mpya. Nikaitika kabla ya kufikiri – mdomo huu utaniponza! Kompyuta inadai ni tupu. Si tupu. Mashine ya zamani iliziandika kwa mpango wake wa ajabu: kila duara la disketi lina vipande kumi. Kiendeshi, programu inayoisomea kompyuta disketi, kinajua tisa tu. Itabidi nikifundishe. Na bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini.

Jumanne, 5 Machi
Kaja mwanamke mmoja, fundi cherehani. Alilelewa katika nyumba ile. Jina la mama yake limo kwenye disketi ya bluu, makaratasi yalishateketezwa. Mkuu akamtoa wasiwasi: huyu kijana wetu kasoma. Nilitamani kuingia chini ya meza. Yule dada akaniuliza kama nimekula. Mimi! Nitaanza na ya bluu, nimfurahishe mapema.

Alhamisi, 7 Machi
Kutwa nzima: rekebisha, jaribu, kosea, rekebisha. Kumbe vipande vyake vinahesabiwa kuanzia sifuri, si moja. Nani alibuni hivi? Ya bluu inatoa sauti ya kukwaruza. Nadhani ni uzee. Nyumbani dada yangu anasema nimeposwa na disketi, mahari italetwa lini. Sikucheka.

Ijumaa, 8 Machi
Kiendeshi kinasoma! Disketi nyingine zote za sandukuni, moja baada ya moja, safi. Mkuu akanipigapiga begani. Kisha ya bluu.

"Mama:" – halafu herufi tatu. Halafu takataka.

Nikaitoa, nikasukuma kile kifuniko chake cha bati. Utando wenye maandishi umelika, umebaki mstari unaong'aa kama kioo. Kila jaribio la jana lilikuwa likiuparua. Sanduku zima lile, disketi ambazo hakuna anayezidai – na mimi nikajaribia ya kwake! Msomi mzima.

Fundi cherehani alikuwa ameshafika. Nikamweleza yote: tukiisoma tena, huenda jina likatoka zima. Huenda hata mistari ya jirani, ambayo bado inasomeka, ikafutika, pamoja na tarehe aliyoletwa pale. Mkuu akasema jaribu, kijana, tumalize. Simu yake ikalia, akatoka.

Yule dada akaomba kuziona zile herufi. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akaanza kutaja majina yanayoanza hivyo, polepole, kama anayeita mtu chumba cha pili. Mengi. Kisha akanigeukia.

"Angekuwa mama yako, mdogo wangu, ungejaribu?"

Nimechukua kalamu ili mikono ipate kazi. Anadhani naandika mambo ya ofisi. Disketi iko kati yetu mezani. Nasikia Mkuu akiaga kwenye simu. Yule dada bado ananitazama, anasubiri niseme.