Jenerali Aliyekosea Kundi

Jumamosi, Tottenham

Bado nacheka mpaka mbavu zinauma, na mume wangu amenuna huko sebuleni.

Kila siku hubishana mtandaoni na watu asiowajua kuhusu vita vya Ukraine. Leo akarekodi sauti: "Tuwazunguke kushoto wakiwa wamelala, tuwakatie chakula, watasalimu amri wenyewe!" Akaituma kwenye kundi la wasap la mahari ya kaka yangu, ambamo wakwe wote wamo. Na kesho ndiyo tunaenda kwao Hounslow kujadiliana!

Kaka akanipigia simu. "Dada, wameisikia. Sina mke tena."

Kisha mjomba wa bibi harusi, mzee asiyecheka na mtu, akajibu: "Mkwe, huko kushoto ni matope matupu. Vifaru vyenu vitakwama."

Kumbe naye hushinda kwenye mabishano hayo hayo! Wakaendelea hivyo mchana kutwa, kundi zima likiwasikiliza.

Kule watu wanakufa kweli, na sisi tunacheka. Hilo linanisumbua kidogo. Lakini mama wa bibi harusi ameandika sasa hivi: "Kesho majenerali wote wawili wataketi jikoni wamenye viazi. Sisi wengine tutaongea ndoa."