Aliyetaka Namba Yangu ya Siri

Alhamisi, usiku

Bila mimi, matapeli wa simu wangeshaimaliza Machame yote.

Leo mmoja amenipigia akidai anatoka benki. "Shikamoo, mheshimiwa. Nisomee namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi, tuilinde akaunti." Hela yote ya kahawa imo humo! Nilimfokea mpaka ng'ombe zizini akaacha kula migomba.

Lakini alijuaje kwamba tumelipwa juzi? Kuna mtu wa karibu aliyemwambia. Hata karani wa chama cha ushirika, alivyonichekea leo, mimi simwamini...

Haya, nikiri humu tu. Nilishaanza kuisoma. Mke wangu ndiye aliyeninyang'anya simu: "Baba Eliya, benki gani hiyo inayokuamkia?"

Tatizo ni lile neno mheshimiwa. Sijawahi kuitwa hivyo, nikalegea.